Ufunguo Anao Nani? Kutafuta Msaada wa Mtaani Mombasa Kabla na Baada ya Kimbunga

Ijumaa ya tarehe 3 Mei 2024, baada ya magharibi, tulikuwa watu sita tumebeba mlango uliong'olewa bawabani, na juu ya mlango godoro, na juu ya godoro mama mzima wa jirani yangu. Amepooza upande mmoja tangu alipopata kiharusi, na chumba chake kiko pale Mishomoroni ardhi inapoteremka kuelekea mikoko ya Tudor. Mchana kutwa redio ilikuwa ikitaja Kimbunga Hidaya. Tukafika shule ya msingi, geti limepigwa mnyororo na kufuli la kishindo.

"Ufunguo anao mwalimu mkuu," mlinzi akasema, "na shule hazijafunguliwa."

"Sasa sisi tufanyeje, baba?"

"Mimi nimeachiwa geti, mama. Ufunguo sikuachiwa."

Tulisimama pale mvua ikitunyeshea mpaka muadhini wa msikiti wa nyuma akatufungulia darasa moja la chuo cha Kurani. Mama mzima akalala humo siku mbili, akilalamika kwamba chai yetu haina tangawizi. Kesho yake Hidaya alitua kisiwani Mafia, Tanzania, akaishiwa nguvu, na sisi Mombasa tukaponea mawimbi na upepo. Lakini kufuli lile silisahau. Darasa la kulala watu mia lilikuwepo, kavu, lina paa zima. Kilichokosekana ni mtu mmoja kuulizwa swali moja wiki moja kabla. Mwongozo huu unahusu maswali ya aina hiyo: nani wa kumwendea, lini, na umwambie nini.

Je, Mombasa kweli hupigwa na kimbunga?

Kwa nadra sana, na ipo sababu. Kimbunga huzungushwa na mzunguko wa dunia, na nguvu hiyo ya kuzungusha hufifia kadiri unavyokaribia ikweta. Mombasa iko nyuzi 4 hivi kusini ya ikweta, na vimbunga vingi hukaa mbali zaidi ya nyuzi 5. Ndiyo maana Msumbiji na Madagaska wanaumia kila mwaka, sisi twasikia redioni.

Nadra lakini si kamwe. Tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja kikang'oa mikarafuu na kuzamisha vyombo bandarini. Mwaka wa 1952 kikapiga Lindi. Mwaka wa 2019 Kenneth akaingia Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, mlango wa pili na Mtwara. Mwaka wa 2021 akaja Jobo, akadhoofika kabla ya kutua Tanzania. Mei 2024 alikuja Hidaya, na kabla mwezi haujaisha akazuka mwingine, Ialy, akipanda na bahari kuelekea kaskazini. Kile Wamarekani wanachokiita "hurricane" ndicho hiki hiki. Jina tu linabadilika na bahari. Huku kwetu upepo wake ukifika kilomita 118 kwa saa ndipo hupewa cheo cha kimbunga kamili. Chini ya hapo ni dhoruba, ingawa tayari ina jina.

Kwa hiyo usijiandalie nyumba kupeperushwa nzima. Jiandalie mambo matatu ambayo mkia wa kimbunga hutuletea hata kikipita kilomita mia kadhaa: mvua juu ya masika yenyewe, mawimbi, na upepo wa kung'oa mabati yaliyopigiliwa kwa haraka. Msaada utakaoutafuta ni wa mambo hayo.

Hatua ya 1: Soma onyo lenyewe, usisome tafsiri ya WhatsApp

Onyo rasmi hutoka Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya, na kila kaunti ina mkurugenzi wake wa hali ya hewa, yetu ikiwemo. Vituo vya redio vya hapa kama Pwani FM, Baraka FM, Radio Rahma na Radio Kaya huyasoma. Onyo la upepo likija, tafuta vitu viwili ndani yake: kasi na tarehe. Mara nyingi utasikia "upepo wa kuzidi noti 25". Hiyo ni kama kilomita 46 kwa saa: si kasi ya kubomoa nyumba ya mawe, lakini ngalawa haifai kutoka, na bati lililolegea litaruka.

Kisha tazama mwezi. Mzaliwa wa pwani hahitaji kufundishwa hili, ila wengi wetu siku hizi twaishi Kiembeni na bahari twaiona Jumapili. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji huwa bamvua, yaani hujaa na kupwa kupita siku nyingine, na hapa kwetu tofauti ya kupwa na kujaa hupita mita tatu. Kimbunga kikisukuma maji wakati wa maji mafu, siku ambazo bahari haijai sana, yana nafasi. Kikisukuma wakati wa bamvua, maji yatakufuata barazani. Hidaya alitua tarehe 4 Mei; mwezi uliandama tarehe 8. Bamvua tuliikosa kwa siku chache tu. Ilikuwa bahati tupu, na sikusikia mtu yeyote akiitaja.

Sauti ya WhatsApp ya mtu asiyejitaja jina, anayesema "rafiki yangu wa serikalini ameniambia", ifute. Wikendi ile nilipokea nne, na kila moja ilikuwa na saa yake tofauti ya kimbunga kufika Mombasa.

Hatua ya 2: Karatasi moja, kwa wino

Simu itaisha chaji, na stima ikipotea siku mbili minara ya mtandao nayo hufuata. Andika nambari kwa kalamu ya wino kwenye karatasi, uibandike nyuma ya mlango, na nyingine uitie kwenye ndoo yenye kifuniko kinachobana, ile ya mafuta ya kupikia. Mifuko ya nailoni ilipigwa marufuku tangu Agosti 2017, na kwa kazi hii ndoo ni bora zaidi hata hivyo: huelea.

Nambari za kila mtu Kenya: 999 au 112 kwa polisi na dharura, 1199 kwa Msalaba Mwekundu, bila malipo, 97771 kwa Kenya Power waya ukianguka, au *977# kama huna subira ya kungoja kwenye laini. Ongeza 116 kwa mtoto aliye hatarini na 1195 kwa anayedhulumiwa kijinsia. Hizi mbili za mwisho watu huziacha wakidhani hazihusiani na mvua. Watu arobaini wakilala ukumbi mmoja bila taa, zinahusiana.

Baada ya hapo ziandike zile ambazo hutazipata popote ila mtaani kwako, na hizo ndizo zitakazokufaa saa sita za mwanzo. Gari la Msalaba Mwekundu likiwa upande wa kisiwani na barabara imejaa maji, atakayefika kwako kwanza ni mtu wa kutembea kwa miguu.

Hatua ya 3: Zunguka milango, mchana, kabla ya masika

Nenda mwezi wa Machi, mambo yakiwa baridi. Usiende siku ambayo redio imeshataja jina la kimbunga. Siku hiyo kila mtu yuko mlangoni kwa chifu na chifu mwenyewe yuko mkutanoni.

Anza kwa mzee wa mtaa au mwenyekiti wa nyumba kumi. Huyu ndiye anayeulizwa na chifu "nani kaathirika kwako?", na jina lako lisipotoka kinywani mwake, kwenye orodha halimo. Ukiwa mpangaji mgeni, nenda ujitambulishe. Msalimie, mwambie unakaa nyumba ya nani, wangapi mko ndani, na nani hawezi kutembea. Dakika kumi. Mimi nilikaa Mishomoroni miaka mitatu kabla ya kufanya hivyo, na mzee alinijibu, "Kumbe wewe ndiye wa nyumba ya bati jekundu," maana yake nilikuwa rangi ya paa.

Kisha mhudumu wa afya ya jamii, wale tunaowaita CHP. Serikali iliwapa vifaa na simu takriban laki moja nchi nzima mwaka wa 2023, na kila mmoja ana nyumba zake za kutembelea. Ndani ya simu yake mna wajawazito, wazee wa kitandani, wenye dawa za kila siku. Kwa maoni yangu huyu ndiye mtu wa thamani kuliko wote kwenye karatasi yako, na ndiye anayesahaulika zaidi kwa sababu havai sare ya kutisha. Mwulize dawa za mama zikibaki za siku tatu aende wapi kuongezewa, na zahanati ipi haiingii maji.

Mlango wa tatu ni wa mahali pa kukimbilia. Tafuta shule, msikiti, kanisa au ukumbi ulio juu zaidi ya kwako, si ulio karibu zaidi. Mtaa wa bondeni una shule ya bondeni. Ukipata, uliza maswali haya na uandike majibu:

– Ufunguo anao nani, na wa pili anao nani?
– Huyo mtu analala wapi usiku, na akisafiri?
– Choo kiko wazi, au nacho kina kufuli lake?
– Maji yanatoka kwenye tangi au yanategemea pampu ya stima?

Swali la tatu utalicheka mpaka siku utakapokuwa na watoto kumi na wawili wanaobana miguu.

Ukikaa karibu na bahari, kuanzia Mtongwe na Mji wa Kale hadi Bamburi na Shanzu, mjue pia mwenyekiti wa BMU, kamati ya wavuvi ya ufuo wenu. Wao wana vyombo vya kupita penye maji ambapo gari halipiti, wana kamba, na wanajua nani yuko baharini na nani kesharudi. Mvuvi mzee atakuambia hali ya bahari kwa kuitazama tu, lakini siku ya Hidaya serikali ilipiga marufuku uvuvi na kuogelea, na kamati ndizo zilizokuwa zikiwarudisha watu ufuoni. Mwenye chombo chenye redio ya VHF ajue kwamba chaneli 16 ndiyo ya kuomba msaada.

Wakazi wa Likoni mna hesabu yenu peke yenu. Upepo ukizidi, feri husimama, na ng'ambo hugeuka kisiwa. Barabara ya Dongo Kundu ipo, lakini ni mzunguko mrefu, na usiku wa mvua tuktuk hazikubali. Mgonjwa wa kusafishwa damu, mjamzito wa wiki za mwisho, mwenye miadi ya Hospitali Kuu ya Pwani: mvushe siku mbili kabla, akae kwa jamaa upande wa kisiwani. Akichelewa, ijue hospitali ya kaunti ndogo ya Likoni na ile ya Mrima, na uulize mapema ipi inapokea nini usiku.

Hatua ya 4: Waite mafundi mapema, kwa bei ya kawaida

Kimbunga kikishatajwa, bei za mafundi hupanda kama za nyanya za Ramadhani. Wapo wanne wa kuwaita wakati jua bado linawaka.

Mkwezi. Kama una mnazi karibu na paa, mwite apande ashushe nazi zilizokauka na makuti makavu. Nazi kavu ikirushwa na upepo hupasua bati, achilia mbali kichwa. Usimwite jirani kijana mwenye panga na ujasiri. Mwite mkwezi anayepanda kila siku, na upepo ukiwa umeshaanza usimruhusu hata akikuambia anaweza. Atakuambia anaweza.

Fundi wa paa. Mpeleke juu akague misumari. Misumari ya mabati yenye kofia na mpira chini yake ndiyo inayobana. Ile ya mbao ya kawaida hulegea bati likianza kupigapiga. Mwambie atazame kingo na pembe, huko ndiko upepo unakoingiza ukucha wake. Kama mbao za paa zimekaa tu juu ya ukuta, mwambie azifunge kwa ukanda wa chuma au waya mzito. Ukinunua mabati mapya kumbuka geji inasomwa kinyume: 28 ni nene kuliko 30. Na kabla hujamgusisha mtu paa la nyumba ya Kiswahili yenye vyumba sita na wapangaji sita, mpigie mwenye nyumba. Wengine hukata gharama kwenye kodi, wengine hukutumia salamu tu, lakini usipomwuliza utalipa paa na ugomvi pia.

Vijana wa mtaro. Kila mtaa unao wanaozibua mitaro. Mchangiane nyumba kumi, muwalipe wazibue mpaka mwisho, na wachukue taka waondoke nazo. Mtaa mmoja nilioishi walizibua vizuri wakaacha rundo kando ya mtaro. Mvua ya kwanza ikalirudisha lote ndani.

Muuza maji wa mkokoteni. Jaza mitungi ya lita 20 kabla, na uwe na nambari yake. Mwulize maji anayachota wapi. Jibu hilo litakufaa baadaye, kama utakavyoona.

Hatua ya 5: Usiku wenyewe

Hapa sina mengi. Waliohitaji kuhama wahame mchana. Godoro juu ya mlango usiku si jambo la kurudia. Zima swichi kuu ya stima maji yakianza kuingia, na usiiguse kama umesimama majini. Mitungi ya gesi ifungwe. Upepo ukinyamaza ghafla katikati ya kishindo, usitoke kushangilia: jicho la kimbunga likipita hutulia, kisha upepo hurudi kutoka upande wa pili.

Hatua ya 6: Siku ya kwanza baada yake

Kwanza majirani, kwa miguu, mlango kwa mlango: wangapi wako, nani kaumia, nani hajaonekana. Andika. Orodha hii ndiyo mzee wa mtaa atakayoipeleka kwa chifu, na nyinyi mkiwa nayo saa mbili asubuhi mko mbele ya mitaa mingine yote.

Waya wa stima ulioanguka chini, hata ukiwa umenyamaza kama kamba ya nguo, uhesabu una moto. Weka mtu wa kuzuia watoto mbali, hatua kumi na tano au zaidi, kisha piga 97771 utaje nambari iliyoandikwa kwenye nguzo iliyo karibu. Nambari ya nguzo huwafikisha upesi kuliko "karibu na kwa Mama Fulani". Atakayejitokeza bila kitambulisho cha kazi akasema atakuunganishia kwa kitu kidogo, mwache apite.

Mtu akiwa hajarudi kutoka baharini, mwendee mwenyekiti wa BMU saa hiyo hiyo, yeye awaarifu Walinzi wa Pwani na kituo cha KMA, mamlaka ya usafiri wa baharini ya Kenya, cha kuratibu uokoaji baharini, kilichopo hapa hapa Mombasa. Taja jina la chombo, rangi, idadi ya watu, wapi walionekana mara ya mwisho. Msingojee alasiri kwa kuona haya.

Majeruhi: kwa kisiwani kuna Hospitali Kuu ya Pwani na ile ya Tudor, Changamwe na Jomvu wana Port Reitz. Kabla ya kumpakia mtu kwenye tuktuk, tuma kijana wa bodaboda atazame njia. Bodaboda ndio wanaojua saa hiyo barabara ipi imekatika. Kijiwe chao ni ofisi ya habari isiyo na mlango.

Sasa maji ya kunywa, na hapa naomba utulie. Sehemu kubwa ya Mombasa imekaa juu ya jiwe la matumbawe, nalo limejaa matundu kama sifongo. Kisima na choo cha shimo vikiwa hatua thelathini, siku za kawaida huhesabiwa mbali. Gharika ikija, maji ya chooni na ya kisimani hukutana chini huko bila kukuaga. Kipindupindu hufuata, na huja baada ya jua kurudi, watu wakishaanza kupumua. Kwa hiyo maji yote ya kisima, na yote ya mkokoteni yaliyochotwa kisimani, yachemshe mpaka yatokote sawasawa, au tia dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa. Klorini haifanyi kazi vizuri kwenye maji yenye tope. Yachuje kwa kitambaa, yaache yatuame, kisha utie. CHP wako huwa nazo za bure wakati wa mafuriko, mwulize yeye kabla ya duka. Mtu akianza kuharisha maji mfululizo, mpe maji ya chumvi na sukari ukiwa njiani kumpeleka zahanati. Usisubiri aishe nguvu ndipo umpeleke.

Hatua ya 7: Orodha, misaada na matapeli

Piga picha uharibifu kabla ya kufagia. Paa, ukuta, mstari wa maji ukutani, godoro lililolowa, vyote. Kama una bima, mpigie wakala siku hiyo hiyo na usitupe kitu kabla hajaona. Soma pia kama mafuriko yamo, maana mikataba mingi ya moto na wizi haiyajui maji.

Kisha hakikisha uko kwenye orodha. Zipo zaidi ya moja: ya mzee wa mtaa na chifu, ya wafanyakazi wa kaunti, ya wahudumu wa kujitolea wa Msalaba Mwekundu wanaopita nyumba kwa nyumba kuhesabu. Kuwepo kwenye moja hakukuweki kwenye nyingine. Wakipita ukiwa kazini, jirani akutaje. Ndiyo faida ya ile safari ya Machi. Mwulize anayeandika anaandikia nani na umwombe akusomee jina lako alivyoliandika. Shangazi yangu, mafuriko ya zamani, alikosa blanketi kwa sababu aliandikwa kwa jina la kinyumbani na kitambulisho kikawa na lingine.

Kuandikwa ni bure. Atakayekuomba mia mbili "ya fomu" ni tapeli, hata akiwa na fulana yenye nembo. Vivyo hivyo kwa nambari za M-Pesa za michango zinazozunguka kwenye vikundi: kabla hujatuma, mtafute mwenye jina linalotokea kwenye ujumbe wa kuthibitisha. Mchango wa mtaa ufanywe na watu watatu mnaowajua, nambari moja, na hesabu isomwe hadharani msikitini, kanisani au kwenye kikao cha chama. Tulipofanya hivyo kwa mama mzima, hesabu ilibandikwa ukutani kwenye duka la Mpemba, pamoja na yule aliyeahidi elfu moja akatuma mia. Hakuna aliyemsema. Jumamosi iliyofuata akamalizia.

Kitambulisho kikipotea majini, chukua taarifa ya polisi kwanza, kisha nenda ofisi ya usajili au Huduma Centre iliyo jengo la posta, Digo Road. Nenda mapema asubuhi, na kama una nakala kwenye simu au kwa jamaa, ibebe.

Hatua ya 8: Fundi wa baada ya dhoruba

Wiki hiyo mafundi watazaliwa wapya, kila mmoja ana nyundo. Mkubali yule ambaye jirani anaweza kukuonyesha nyumba aliyoezeka, nenda uitazame. Piga picha kitambulisho chake kwa ridhaa yake, anayekataa amejibu. Vifaa nunua wewe mwenyewe, risiti kwa jina lako, na umlipe ufundi kwa vipande: kidogo akianza, kiasi paa likisimama, salio mvua moja ikishanyesha. Mafundi wazuri hawaogopi mvua moja. Niliwahi kumlipa mmoja yote asubuhi kwa kuwa aliniita "mamangu" mara nyingi mno. Mabati alipanga, misumari akapiga mmoja ruka mmoja, na usiku wa tatu nilisikia paa likipiga makofi.

Ukuta uliopasuka ufa wa kuingiza kidole, au nguzo iliyoegama, usimwachie fundi wa mtaa aamue. Toeni watu, mwambie mwenye nyumba kwa maandishi, na mpeleke taarifa idara ya ujenzi ya kaunti ije ikague. Mji wa Kale hasa: zile nyumba za ghorofa za chokaa na boriti hunywa maji polepole, na ukuta unaweza kuanguka siku ambayo kila mtu ameshaanika nguo juani.

Hatua ya 9: Ipange upya karatasi

Mambo yakitulia, kaa na ile karatasi kabla hujasahau. Weka alama kwa walioitika na kwa nambari zilizolia bila kupokelewa. Nambari hufa, watu huhama. Ile shule ya mnyororo, tangu Hidaya nimeshaandika mlinzi wa pili, na mwezi wa Machi mwalimu mkuu aliyepo sasa alikubali ufunguo wa darasa la mwisho ukae kwa muadhini, ndani ya mkebe wa maziwa juu ya kabati la misahafu. Muadhini naye ana mpango wa kwenda umra. Nimeandika jina la ndugu yake.